Bei ya vyuma vikuukuu: Jinsi tarakimu za London zinavyofika Kibuye

NA MWANDISHI WETU

KILO moja ya waya wa shaba inayowekwa kwenye mizani mjini Kisumu hupangiwa bei na watu ambao muuzaji hatawaona maishani mwake. Bei hiyo huanzia katika soko la madini jijini London, hupitia thamani ya dola, nauli ya lori na ya meli, na sheria za nchi, na hatimaye huishia mkononi mwa mwenye mizani.

Biashara ya vyuma vikuukuu, ambayo mitaani huitwa skrapu, hulisha watu wengi katika pwani ya Kenya ya Ziwa Victoria. Wamo vijana wanaozunguka mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga na mikokoteni na magunia, wamo wenye vituo vya kununulia, na wamo mafundi wa jua kali katika soko la Kibuye wanaogeuza mabaki hayo kuwa majiko, masanduku na sufuria.

Kila mmoja wao huitazama bei kwa jicho lake. Mwokotaji huomba ipande. Fundi anayesubu sufuria huomba ishuke. Naye mlipaji kodi ana sababu ya kuifuatilia, kwani bei inapopaa, nyaya za umeme, vifuniko vya mitaro na vyuma vya kandokando ya barabara huanza kutoweka.

Makala haya yanaeleza bei hizo huamuliwa wapi, hubadilishwa na nini zikiwa njiani, na mtu wa kawaida anaweza kuzifuatilia vipi.

Asili ya chuma Nyanza

Chuma si kitu kigeni katika eneo hili. Ufinyanzi wa kale uitwao Urewe, ambao unahusishwa na wakulima wa mwanzo waliotumia chuma katika Maziwa Makuu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ulipewa jina la mahali palipo Siaya. Baadaye wahunzi wa milima ya Samia walisifika kwa majembe yao, yaliyobadilishwa kwa chakula na mifugo na hata kutumiwa kulipia mahari.

Chuma cha kigeni kilikuja kwa wingi reli ilipofika Kisumu, ulioitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Yakafuata mabehewa, karakana, meli zilizoletwa vipandevipande na kuunganishwa kando ya ziwa, na viwanda vya sukari, kikianza kile cha Miwani mwaka 1922.

Mitambo ya aina hiyo inapozeeka au kiwanda kinapofungwa, ndipo akiba ya vyuma vikuukuu huzaliwa. Hii leo akiba hiyo huongezwa na magari yaliyochakaa, mabati, vyombo vya nyumbani, vikebe vya vinywaji na mabaki ya ujenzi.

Soko la London

Kwa metali zisizo na chuma ndani yake, kama vile shaba, alumini, risasi, zinki, nikeli na bati, kipimo cha dunia ni Soko la Metali la London, maarufu kwa herufi LME. Lilianzishwa mwaka 1877, na tangu mwaka 2012 limemilikiwa na kampuni inayoendesha soko la hisa la Hong Kong.

Bei za LME hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila tani moja ya kilo 1,000. Zipo bei za kununua na kupokea mara moja, na zipo za miezi mitatu ijayo. Desturi ya miezi mitatu ilitokana na muda ambao meli zilihitaji kusafirisha shaba kutoka Chile na bati kutoka Malaysia hadi Uingereza.

Bei rasmi ya siku hutokana na vikao vya adhuhuri ya London, ambayo kwa saa za Kisumu ni alasiri. Mfanyabiashara anayenunua asubuhi kwa hivyo huwa anatumia bei ya jana.

Jambo la kuzingatia ni kwamba bei hiyo si ya mabaki. Ni ya metali safi iliyokwisha kusafishwa kiwandani: shaba yenye usafi wa asilimia 99.99, au alumini ya asilimia 99.7. Waya uliotolewa kwenye jokofu bovu, au sufuria iliyotoboka, hupimwa kwa kulinganishwa na kipimo hicho na kisha kupunguzwa.

Yapo masoko mengine. Shanghai hutaja bei kwa yuan. New York hutaja shaba kwa ratili badala ya tani. Kwa kuwa tani moja ina takriban ratili 2,204.6, dola 4 kwa ratili ni sawa na dola 8,818 hivi kwa tani. Wengi hupotoka hapa kwa kulinganisha tarakimu zisizolingana.

Uturuki na chuma cha kawaida

Chuma cha kawaida, kile kinachonaswa na sumaku, kina njia yake. Kipimo kinachofuatwa zaidi ni bei ya mabaki mazito yanayofikishwa katika bandari za Uturuki.

Uturuki ndiyo nchi inayoagiza chuma kikuukuu kwa wingi zaidi duniani, kwa sababu sehemu kubwa ya chuma chake huyeyushwa katika matanuri ya umeme yanayotumia mabaki badala ya mawe ya madini. Mwaka 2015 LME ilianzisha mikataba ya kuuziana chuma kikuukuu kwa kutegemea bei hiyo ya Uturuki.

Hata hivyo chuma kikuukuu cha Kisumu hakiendi Uturuki. Kwa kuwa ni kizito na bei yake kwa kilo ni ndogo, nauli ya mbali huimeza faida yote. Wanunuzi wake ni viwanda vya humu nchini vinavyotengeneza nondo na vyuma vya ujenzi, vikiwemo vya Athi River, na kile cha Awasi kilichoko kwenye barabara kuu ya kutoka Kisumu kuelekea Nairobi.

Ndiyo sababu chuma cha kawaida huuzwa kwa makumi ya shilingi kwa kilo, ilhali shaba huuzwa kwa mamia. Ndiyo sababu pia bei ya chuma huwategemea zaidi wajenzi wa majumba na barabara za hapa kwetu, huku shaba ikiwategemea zaidi watengenezaji wa nyaya na mitambo walioko Asia.

Hesabu ya kilo moja

Tuchukue mfano wa kufikirika ili njia ionekane. Tuseme shaba ya London ni dola 9,000 kwa tani. Hiyo ni dola 9 kwa kilo. Dola ikiwa Sh130, kilo moja ya shaba safi ni Sh1,170.

Mabaki mazuri ya waya, yaliyomenywa na kung'aa, huenda yakapewa asilimia 90 ya bei hiyo. Tumebakiwa na Sh1,053.

Sasa tuseme kuna mikono mitatu kati ya mwokotaji na mnunuzi mkubwa: kituo cha mtaani, mkusanyaji wa mjini na msafirishaji wa kupeleka Nairobi au Mombasa. Kila mmoja akikata asilimia 10 ya kile anacholipwa, kwa ajili ya gharama na faida, Sh1,053 huwa Sh948, kisha Sh853, na mwisho Sh768.

Mwokotaji amepata takriban thuluthi mbili ya bei ya London bila ya kuibiwa na yeyote. Mizani ikiwa na kasoro ya gramu 100 kwa kila kilo, hupoteza Sh77 nyingine. Huo ndio upotevu ambao macho hayauoni, na ndio ulio rahisi zaidi kuzuiwa.

Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, hutaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Muuzaji ana haki ya kuutazama muhuri huo kabla ya kumwaga mzigo wake.

Dola inapoificha bei

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuitazama bei ya London na kuisahau shilingi. Mwaka 2024 ulitoa somo zuri.

Mnamo Januari mwaka huo tani moja ya shaba iliuzwa kwa takriban dola 8,300, na dola moja ilibadilishwa kwa karibu Sh160. Kwa shilingi, tani hiyo ilikuwa na thamani ya Sh1.33 milioni hivi.

Kufikia Mei, wastani wa bei ulikuwa umepanda hadi takriban dola 10,100, na siku moja katika mwezi huo bei ilivuka dola 11,000. Magazeti ya biashara ulimwenguni yalitangaza rekodi. Lakini shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu, dola ikashuka hadi karibu Sh131. Tani ileile ikawa Sh1.32 milioni hivi.

Kwa maneno mengine, shaba ilipanda kwa zaidi ya sehemu moja kwa tano ya bei ya zamani, ukipenda kuiita asilimia 20 na ushei, ilhali mchuuzi wa Kondele hakuwa na sababu ya kuona hata senti moja ya ziada. Aliyedhani ameibiwa na dalali wake miezi hiyo huenda alimwonea. Mwizi, kama tunaweza kumwita hivyo, alikuwa ni kubadilika kwa fedha.

Kinyume chake pia ni kweli. Shilingi inapodhoofika, bei ya mabaki yanayotegemea soko la nje hupanda hata kama London imetulia, na muuzaji asiyejua huendelea kupokea bei ya zamani.

Kupanda na kushuka

Metali hazina subira. Katikati ya mwaka 2008 shaba ilikaribia dola 9,000 kwa tani. Kufikia Desemba, baada ya mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya kuyumba, ilikuwa chini ya dola 3,000. Chuma kikuukuu cha Uturuki, kilichofikia karibu dola 700 majira hayo, kilianguka hadi chini ya dola 200. Waliokuwa wamejaza maghala wakisubiri bei ipande zaidi walibaki na mali isiyolipa hata deni.

Mnamo Februari 2011 shaba ilivuka dola 10,000 kwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 2016 ilikuwa imerudi kwenye dola 4,000 na ushei. Ilishuka tena kwa kishindo mnamo Machi 2020 janga la Covid-19 lilipoenea, kisha ikavuka dola 10,000 kwa mara nyingine mnamo Mei 2021.

Nyuma ya mawimbi hayo kuna sababu chache zinazojirudia: ujenzi nchini China, migomo na ajali katika migodi ya Chile na Peru, vita, riba za Marekani, na maamuzi ya serikali. China ilipobana uagizaji wa mabaki machafu kuanzia mwaka 2018, mizigo ilielekezwa kwingine, na mabaki yasiyochambuliwa yakapoteza thamani.

Wakati mwingine soko lenyewe hupagawa. Mnamo Machi 8, 2022, bei ya nikeli iliruka kupita dola 100,000 kwa tani. LME ilisimamisha biashara na kufuta mauzo ya siku hiyo. Aliyeitegemea tarakimu hiyo kununua chuma kisichoshika kutu alikuwa amejenga juu ya mchanga.

Madaraja ya mabaki

Wafanyabiashara wa kimataifa hutumia majina ya mkato yaliyotungwa Marekani kwa desturi ya enzi za telegramu. Waya wa shaba uliomenywa na kung'aa huitwa Barley. Waya msafi wa shaba usiong'aa huitwa Berry. Waya wenye uchafu au uliopakwa rangi huitwa Birch. Shaba ya manjano iliyochanganyika huitwa Honey.

Majina haya ni nadra kusikika Kibuye, lakini mantiki yake hutumika kila siku. Sumaku hutenga chuma na metali nyingine. Tupa hukwaruza ili rangi ya ndani ionekane. Kisha mzigo hugawanywa: shaba, shaba ya manjano, alumini laini ya nyaya na sufuria, alumini ngumu ya injini, betri, chuma kizito na mabati mepesi.

Mzigo uliochanganywa hulipwa kwa bei ya kilicho duni zaidi ndani yake. Anayechambua nyumbani kabla ya kwenda kwenye mizani hujiongezea kipato bila ya kuokota hata kipande kimoja zaidi.

Kuchoma waya ili kuondoa plastiki ni hasara mara mbili. Shaba huungua na kushuka daraja, na moshi wake una sumu. Kuumenya kwa kisu huchukua muda, lakini hulinda bei na mapafu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye betri za magari, ambazo zina risasi na asidi. Wakenya wanakumbuka mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisababisha wakazi, wakiwemo watoto, kupatikana na risasi mwilini. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya uamuzi huo kutenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha mwaka 2024. Betri haifai kupasuliwa uani. Iuzwe ikiwa nzima.

Sheria na bei

Kwa miaka mingi biashara hii ilitawaliwa na sheria ya mwaka 1972. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 iliichukua nafasi yake na kuunda Baraza la Vyuma Vikuukuu, ambalo hutoa leseni. Mnunuzi anatakiwa kuwa na leseni na kuweka kumbukumbu za mali anayoipokea na aliyemuuzia.

Serikali inaweza kuifuta bei kwa siku moja. Mnamo Januari 11, 2022, umeme ulikatika nchini kote baada ya minara ya nyaya kuanguka katika eneo la Imara Daima, Nairobi, na uharibifu wa kukusudia ukashukiwa. Siku tisa baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kusitishwa kwa ununuzi na uuzaji nje wa vyuma vikuukuu. Marufuku hayo yaliondolewa Mei 1 mwaka huo, na biashara ikarejeshwa chini ya masharti mapya ya leseni.

Katika miezi hiyo, shaba ya London ilivunja rekodi na chuma cha Uturuki kikavuka dola 600 kwa tani. Dunia ilikuwa ikilipa vizuri kuliko wakati mwingi wowote, lakini mwokotaji wa Kisumu hakuwa na mahali halali pa kuuza. Mafundi wa jua kali nao walikosa malighafi.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini wafanyabiashara halali wana maslahi katika kuwafichua wezi. Waya mmoja wa wizi unaonunuliwa kichochoroni unaweza kuwafungia njia maelfu ambao hawajawahi kugusa mali ya umma.

Namna ya kufuatilia bei

Mtu mwenye simu ya mkononi anaweza kufanya yafuatayo kila wiki:

1. Atazame bei ya shaba na alumini katika tovuti ya LME, na aandike tarehe.

2. Atazame kiwango cha dola kinachotangazwa na Benki Kuu ya Kenya siku hiyohiyo.

3. Azidishe tarakimu hizo mbili, kisha agawanye kwa 1,000 ili apate shilingi kwa kilo.

4. Aulize bei katika vituo visivyopungua vitatu, na aiandike kando ya bei ya dunia.

5. Agawanye bei ya kituo kwa bei ya dunia ili apate asilimia.

Asilimia hiyo ndiyo ya kuchunga. Ikikaa mahali pamoja wiki hadi wiki, mnunuzi anafuata soko. Ikishuka huku bei ya dunia ikipanda, kuna anayekula tofauti hiyo, na ni wakati wa kubadilisha mnunuzi au kuungana na wenzako ili muuze mzigo mkubwa kwa pamoja. Kikundi kinachokusanya tani moja hupunguza angalau mkono mmoja kati ya ile mitatu ya mfano wetu.

Kwa chuma cha kawaida, bei ya London haisaidii sana. Bora kuulizia bei ya nondo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kwani kiwanda hakiwezi kulipia mabaki zaidi ya kile ambacho nondo itauzwa.

Istilahi

Bei ya papo: bei ya metali inayolipiwa na kupokewa mara moja.

Bei ya miezi mitatu: bei inayokubaliwa leo kwa metali itakayopokewa baada ya miezi mitatu.

Chuma kizito: vipande vinene, kama vya reli, mihimili na mashine, ambavyo hulipwa zaidi kuliko mabati.

Daraja: kiwango cha usafi wa mabaki.

Shaba ya manjano: mchanganyiko wa shaba na zinki unaopatikana katika mifereji ya maji, kufuli na vali.

Tanuri la umeme: tanuri linaloyeyusha chuma kikuukuu kwa nguvu za umeme.

Tani: kilo 1,000. Isichanganywe na tani ya zamani ya Kiingereza, ambayo ni kilo 1,016 hivi.